Kompyuta Nazo Zina Ngeli

Wenzangu wengi hudhani ngeli ni adha ya somo la Kiswahili tu. Napenda kuwaonyesha kwamba hata kompyuta zina za kwao.

Mtu akipiga kelele chumba cha pili, "Kimevunjika!", hukuona kitu, lakini wajua si yai wala si mti. Labda kikombe, labda kiti. Kiambishi kimekwisha kuambia. Basi, katika lugha za kuandikia programu pia kila kitu kina aina yake: namba, neno, orodha. Ukijumlisha namba na jina la mtu, umevunja upatanisho.

Katika lugha nyingi mwandishi hulazimika kutaja aina hizo mwenyewe. Robin Milner, Mwingereza aliyefundisha Chuo Kikuu cha Edinburgh, alieleza mwaka 1978 jinsi mashine iwezavyo kuzitambua kwa kutazama tu kitu kinavyotumika. Lugha ya ML, aliyoitunga na wenzake, hukagua hivyo kabla programu haijaanza kazi.

Lakini sarufi haizuii kila upuuzi. "Kiti kinakula ugali" ina upatanisho kamili! Mwaka 1999 chombo cha Marekani kilichotumwa sayari ya Mirihi kilipotea, kwa kuwa programu moja ilitoa hesabu ya msukumo kwa ratili, na nyingine ikaisoma kwa vipimo vya metriki. Zote zilikuwa namba tu. Nalo dawa lilikuwako: Andrew Kennedy wa Cambridge alikwisha onyesha mwaka 1996 namna ya kuvipa vipimo aina zao, hata mita isijumlishwe na futi. Siku hizi lugha ya F# hufanya hivyo.