Chumvi, Chupa na Gunia la Mahindi

Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua katika mikoa ya Mashariki na Kati nchini Kenya, na 125 kati yao wakafariki. Wengi walitoka Makueni na Kitui. Macho yaliingia umanjano, matumbo yakauma na kujaa, wengine wakatapika mfululizo, kwa kuwa ini lilikuwa limeharibiwa. Hakuna aliyeambukizwa na mwenzake. Ugonjwa ulitoka kwenye mahindi, tena aghalabu mahindi ya shambani kwao wenyewe.

Mvua zilinyesha kabla ya wakati wake, mahindi yakavunwa na unyevu na kuhifadhiwa hivyo hivyo. Wachunguzi waliofuatilia kaya zilizoathirika waligundua kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi pale mahindi mabichi yalipowekwa ndani ya nyumba ya kulala badala ya ghalani. Jambo hilo lisimshangaze mtu: mwaka wa njaa, nani ataacha chakula nje?

Kuvu aitwaye Aspergillus flavus huishi udongoni. Huvamia mahindi yaliyodhoofishwa na ukame au kutobolewa na wadudu, kisha hustawi kwenye joto na unyevunyevu na kutoa sumukuvu, yaani aflatoksini. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemshwa. Isyo, yaani mahindi yaliyopikwa na maharagwe, hata ikikaa jikoni tangu asubuhi hadi jioni inabaki na sumu yake, na ugali vilevile. Kukoboa mahindi kwa ajili ya muthokoi hupunguza sumu, lakini hakuimalizi. Punje inaweza hata kuonekana safi kabisa.

Linaloumiza zaidi ni kwamba mambo haya yalikuwa yamekwisha kujulikana. Mwaka 1981 watu 20 waliugua vivyo hivyo katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, na 12 wakafa. Mwaka uliofuata jarida la Lancet la Uingereza likachapisha ripoti ya madaktari kuhusu mkasa huo. Ripoti ikasomwa na wataalamu. Mkulima wa Kibwezi, huko Makueni, hakuwa na namna ya kuisoma, na miaka 23 baada ya mkasa huo sumu ileile ikarudi kwa kishindo.

Hapo ndipo penye maana ya uelewa wa afya. Ni uwezo wa mtu kuipata habari ya afya, kuifahamu, kuipima kama ni ya kweli, na kuitumia nyumbani kwake. Cheti cha shule husaidia, ila hakitoshi. Wapo wasomi wanaomeza dawa kwa ushauri wa jirani. Na mzigo huu si wa mwananchi peke yake. Anayetoa elimu ya afya naye ana deni, la kusema jambo linaloweza kutendeka.

Chukua shauri la kawaida: mahindi yahifadhiwe yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ni shauri sahihi, lakini kwa mama asiye na kipimo halina mashiko. Mwambie badala yake atafute chupa ya kioo iliyokauka, yenye kifuniko. Atie chumvi kavu kidogo na mahindi hadi kama robo ya chupa, atikise kwa dakika chache, kisha aiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi yarudi juani, juu ya turubai wala si juu ya udongo. Isipoganda, unyevu kwa kawaida uko chini ya asilimia 15, basi jua la siku moja au mbili zaidi halidhuru.

Kibwezi haikuanza leo kupokea elimu ya namna hii. Shirika la afya la AMREF liliendesha huko mradi wa afya vijijini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, likiwafundisha wanakijiji kuwahudumia wenzao. Mtu anayejua jina la mtoto wako na hali ya ghala lako husikilizwa kuliko bango.

Lakini elimu ina mpaka. Familia yenye gunia moja tu haiwezi kuambiwa ilitupe kisha iachwe na njaa. Ndiyo maana mwaka 2004 serikali ililazimika kugawa mahindi mbadala. Kumpa ng'ombe mahindi yaliyooza pia si njia ya kuyaokoa, kwani sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Kliniki nayo ina sehemu yake. Sumukuvu ikikutana na homa ya ini aina ya B, hatari ya saratani ya ini huongezeka sana. Chanjo ya homa hiyo imo katika chanjo za watoto wachanga nchini Kenya tangu mwaka 2001, kwa hiyo mzazi aulize kama mtoto wake amezikamilisha. Na mtu akiingia umanjano machoni, apelekwe hospitalini siku hiyohiyo, anayempeleka aeleze walichokula nyumbani na, ikiwezekana, abebe konzi ya mahindi yale kwenye karatasi.