Namba ya Penseli Ukutani: Mafunzo Niliyopata Nikibadilisha Madirisha Nyaishozi

Nyumba yangu niliijenga kwa pesa za kahawa, kama wengi wa huku: msimu huu msingi, msimu ujao kuta, bati likaja baadaye tukiwa tumeshachoka kusubiri. Madirisha yalikuwa ya mbao. Miaka ilivyopita mengine yalivimba kwa mvua yasifunguke, mengine yakaliwa na mchwa yasifungike. Tukaamua kuweka ya aluminiamu, yale ya kusukuma pembeni. Yalikuwa 11. Matano kati yake nimeyalipia mara mbili.

1. Anayepima haraka, mwogope

Fundi wa kwanza alifika kwa pikipiki, na simu imejaa picha za maghorofa. Akapima dirisha la sebuleni: upana mara moja, urefu mara moja. "Haya mengine yanafanana, Mwalimu," akasema, akafunga futi kamba. Robo saa haikufika. Nami nikamwona hodari, mtu asiyepoteza muda.

Huku kwetu hakuna dirisha linalofanana na jirani yake. Matofali ya kuchoma hutoka tanuruni kila moja na umbo lake, na mwashi akipiga lipu huweka nene hapa na nyembamba pale. Tena kuna lile tetemeko la Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9. Bukoba ndiko lilikoumiza zaidi, lakini nyumbani kwangu liliacha ufa uliopanda kimshazari kutoka kona ya dirisha la chumba cha watoto. Kona za madirisha ndipo ukuta unapoanzia kupasuka, kwa kuwa uzito wote wa juu hulizunguka tundu na kubana pale. Niliziba kwa saruji, nikapaka rangi, nikasahau. Ukuta haukusahau: tundu lilikuwa limepinda.

Fremu zilipoletwa, tatu zilikwama. Fundi akachonga ukuta kwa patasi. Mbili zikacheza kama jino bovu, akajaza silikoni pengo la kuingia kidole.

Ilipobidi kuyarudia hayo matano, fundi wa pili alikuja kwa miguu kutoka stendi. Alipima upana juu, katikati na chini. Akapima urefu kushoto, katikati na kulia. Kisha akaniomba nishike ncha ya futi kamba, tukavuta kona hadi kona, mara mbili. "Vipimo hivi viwili vikilingana, tundu lina pembe mraba. La kwako hili linalala." Akachukua kipimo kidogo kuliko vyote, akapunguza milimita chache ili fremu ipate nafasi ya kukaa, akaandika namba ya kila dirisha daftarini na ukutani kwa penseli. Ilimchukua nusu siku. Chai alikunywa mara mbili.

2. Bei ya chini ina mkia

Yule wa kwanza alinipa bei ya dirisha. Nilidhani dirisha ni dirisha. Kumbe wavu wa mbu ulikuwa pembeni, kitasa pembeni, nauli ya gari pembeni, na kurudishia lipu iliyobomolewa ni kazi ya "mtu mwingine". Siku hizi mtu akinitajia bei namwomba aandike kila kitu mstari kwa mstari, pamoja na unene wa kioo, na aniachie kipande cha aluminiamu yenyewe. Kuna aluminiamu unayoiminya kwa vidole ikakubali kama mkebe wa maziwa.

Nililipa zaidi ya nusu kabla hajaanza. Hilo sina wa kumlaumu.

3. Picha ya simu haivuji

Omba kupelekwa kwenye nyumba ambayo madirisha yake yameshapitiwa na mvua za masika na za vuli. Mwenye nyumba hana sababu ya kukudanganya, atakuonyesha mpaka alama za maji chini ya pazia.

4. Maji yana njia yake, yaachie

Vuli ya kwanza tuliamka tukakuta godoro la watoto limelowa. Nilidhani ni silikoni. Kwa kweli silikoni ilikuwa imebanduka, maana ilipakwa juu ya vumbi, lakini ugonjwa ulikuwa chini zaidi. Dirisha la kusukuma lina reli, na reli ni mfereji: mvua ya upepo ikipiga kioo, maji hushuka humo. Lazima reli itobolewe matundu madogo upande wa nje. Madirisha yangu hayakuwa nayo. Isitoshe, kizingiti cha chini kilikuwa kimelalia ndani badala ya nje, hivyo maji yaliyofurika yalikuja moja kwa moja chumbani.

Fundi wa pili alianza na kizingiti. Akakisawazisha kwa saruji kielekee nje, akaacha kikauke, ndipo akaleta fremu. Alipomaliza, mama watoto alichukua ndoo akalimwagia dirisha maji mbele yake. Hakununa, akasema, "Ongeza nyingine, mama." Hapo ndipo nilipomlipa sehemu ya mwisho.

5. Anakotoka ni sehemu ya kazi

Niliponunua kwa mtu wa mbali nilisahau kuuliza nani atarudi. Nilimpigia simu baada ya ile mvua. "Niko Kyaka, Mwalimu, nakuja." Wiki iliyofuata alikuwa bado Kyaka. Sijui daraja la huko lilimfanya nini. Uingereza, tangu 2002 kuna chombo kiitwacho FENSA kinachosajili wafunga madirisha, na mwenye nyumba hupewa cheti cha kazi iliyofanyika. Mimi nina risiti ya EFD, karatasi ya makubaliano, na sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji, na safari hii fundi anaishi mahali ninapoweza kufika kwa miguu nikiwa na hasira.

6. Si kila dirisha linahitaji kioo

Dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu. Chumbani sawa, jikoni kwenye kuni ni mtihani. Mama yangu alizaliwa katika msonge, nyumba ya nyasi yenye mlango tu, moshi ukijipenyezea juu kwenye nyasi. Tulipofika jikoni kwake alisimama mlangoni. "Waitu, hilo liacheni. Moshi utapita wapi?" Fundi akamwangalia, akaniangalia, akapima hata hivyo, asije akaitwa tena. Dirisha la mbao bado lipo, na pembeni yake, katika masizi, namba 12 ya penseli inaonekana vizuri.