SOMO LA BIASHARA: UWEZO WA MASOKO YA MTANDAONI NA HAKI YA MUUZAJI

Mikumi ni mji mdogo wa Wilaya ya Kilosa, Mkoani Morogoro, ulio kando ya barabara kuu iendayo Zambia na jirani na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Kama ilivyo Nungwi na Paje, wenye nyumba za wageni huko hutafuta wageni wa mbali kwa njia ya intaneti. Yafaa basi watumishi na wananchi waelewe ni wapi uwezo wa soko hugeuka kuwa dhuluma.

Uwezo wenyewe si kosa. Soko humleta mgeni ambaye mwenye nyumba asingempata, nalo lastahiki ujira wake. Ichukuliwe mfano wa chumba cha shilingi 80,000 na ada ya asilimia 15. Soko huchukua 12,000. Mwenye nyumba hubakiwa na 68,000. Mgeni akipiga simu mwenyewe, chumba chaweza kuuzwa kwa 70,000: mgeni ataokoa 10,000, na mwenye nyumba ataongeza 2,000. Lakini iwapo mkataba wakataza kupunguza bei mahali pengine popote, wote wawili hukosa nafuu hiyo. Hata soko jipya lenye ada ndogo halipati wateja, kwani bei haiwezi kushuka.

Mwezi Julai 2024 mamlaka ya ushindani ya Hispania iliitoza Booking.com faini ya zaidi ya Euro milioni 413 kwa masharti iliyowabebesha wenye hoteli. Kampuni ilipinga uamuzi huo. Mwezi Desemba 2022 Amazon iliahidi mbele ya Kamisheni ya Ulaya kutotumia taarifa za siri za wauzaji kushindana nao.

Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza matumizi mabaya ya nguvu ya soko. Sharti mojawapo ni mhusika kumiliki sehemu kubwa ya soko, kwa kiwango kilichowekwa na sheria. Zanzibar inayo Sheria Namba 5 ya mwaka 2018 na Tume yake ya ushindani halali.

Kabla ya kukubali mkataba, muuzaji hana budi kujua mambo manne:

(a) kiwango cha ada, na jinsi kinavyoweza kubadilishwa;
(b) iwapo bei yake nje ya soko hilo imefungwa;
(c) nani atatumia taarifa za wateja wake;
(d) notisi atakayopewa kabla ya kuondolewa.

Mwenye malalamiko na ayaandike, aambatanishe nakala ya mkataba, na kuyafikisha kwa Tume inayohusika.