Uanachama katika Vyama vya Kitaaluma vya Afya: Faida na Mipaka Yake kwa Mtumishi wa Ukanda wa Ziwa Nyasa

Chama cha kitaaluma ni umoja wa hiari wa watu wa fani moja, unaokusudia kukuza elimu ya fani hiyo na kulinda heshima yake. Nchini Tanzania vipo vyama kadhaa vya namna hiyo katika sekta ya afya. Chama cha Madaktari Tanzania (MAT) kilianzishwa mwaka 1965, na Chama cha Afya ya Jamii Tanzania (TPHA) mwaka 1980. Wauguzi na wakunga nao wana vyama vyao, na wanafunzi wa udaktari wana umoja wao wa kitaifa, TAMSA. Nje ya nchi, mojawapo ya vyama vikongwe vya tiba ya nchi za joto kiliasisiwa London mwaka 1907, na hupokea wanachama kutoka mataifa mengi.

Mtumishi wa Litembo, Liuli au Mbamba Bay aweza kuuliza: vyama hivi vinamhusu nini mtu aliye zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam? Jibu laonekana vyema kwa kutazama ugonjwa mmoja.

Mfano wa kichocho

Ziwa Nyasa ni miongoni mwa maziwa ambamo kichocho huambukizwa. Mwanamke anayechota maji, kufua au kuosha dagaa ufukoni aweza kupata vimelea, na mayai yake yakakwama katika shingo ya kizazi na uke. Dalili zake ni uchafu ukeni, maumivu wakati wa tendo la ndoa na kutokwa damu kusiko kwa kawaida. Kwa kuwa dalili hizo zafanana na za magonjwa ya zinaa, mgonjwa huweza kupewa dawa za zinaa mara kwa mara bila nafuu, huku nyumbani akishukiwa uasherati. Mkojo wake waweza kupimwa na mayai yasionekane, ilhali vidonda vipo ndani. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, lakini vidonda vya muda mrefu huenda visipone kabisa, na ugumba waweza kufuata. Hivyo kuchelewa kutambua kuna gharama kubwa.

Mkunga anayekutana na wagonjwa watatu wa aina hiyo katika zahanati moja huwaona kama watatu tu. Akiwaeleza wenzake katika kongamano la chama, huenda akasikia kwamba mwenzake wa Ziwa Victoria au wa Pemba amekwisha kuona hali hiyo, na akaonyeshwa jinsi ya kuitambua kwa macho anapokagua shingo ya kizazi. Upande wa Malawi, watafiti walihusisha kuongezeka kwa kichocho ufukoni na kupungua kwa samaki walao konokono kutokana na uvuvi uliokithiri. Hoja hiyo isingejengwa na tabibu peke yake, bali ilihitaji wataalamu wa samaki na wa konokono pia. Kuwakutanisha watu wa fani mbalimbali ni mojawapo ya kazi kuu za vyama.

Mipaka ya chama

Uanachama si leseni. Anayesajili na kutoa leseni ni baraza la kisheria, kama Baraza la Madaktari Tanganyika au Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Mgonjwa mwenye malalamiko juu ya mwenendo wa mtaalamu huyapeleka kwa uongozi wa kituo na kwa baraza husika; cheti cha uanachama kilichotundikwa ukutani hakimthibitishi mtu kuwa tabibu. Aidha, chama cha kitaaluma si chama cha wafanyakazi, na wala hakitoi ruhusa ya utafiti. Utafiti unaohusu watu huhitaji kibali cha kamati ya maadili, ama ya taasisi iliyoidhinishwa ama ya kitaifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979.

Hatua za kujiunga

Kwanza, mwombaji asome katiba ya chama ili ajue malengo yake na aina za uanachama. Vyama vingi hutofautisha mwanachama kamili na mwanachama mwanafunzi, ambaye ada yake huwa ndogo zaidi. Pili, athibitishe kwamba chama kimesajiliwa na kina viongozi wanaojulikana. Mwaliko wa ghafla unaodai fedha na kuahidi cheo, au kuchapisha makala kwa siku chache bila kupitiwa na wanataaluma wengine, ni dalili ya ulaghai. Tatu, ajaze fomu, aambatishe vyeti, alipe ada na kutunza stakabadhi. Nne, ashiriki: ahudhurie mafunzo yanayohesabiwa katika kuhuisha leseni, awasilishe ikisiri, na awapashe wenzake wa kituoni yale aliyojifunza.

Anapowasilisha habari za mgonjwa, apate ridhaa yake na kuficha jina, kijiji na kila alama ya kumtambulisha. Katika vijiji vya ufukoni ambako watu wanafahamiana, kutaja umri, kazi na idadi ya watoto pekee kwaweza kutosha kumfichua mtu.

Maswali ya kujipima

1. Kuna tofauti gani kati ya chama cha kitaaluma na baraza la kisheria?
2. Kwa nini mwanamke mwenye kichocho cha viungo vya uzazi huweza kutibiwa isivyo sahihi kwa muda mrefu?
3. Katika kituo unachofanyia kazi au kutibiwa, ni tatizo lipi linalojirudia ambalo lastahili kupelekwa mbele ya wanataaluma wengine?