Kokwa ya Embe: Ivue Ganda Kwanza

Msimu wa maembe kila jalala lina kokwa, na nyingine hujiotea zenyewe hapo hapo. Ndiyo maana wengi huchimba, wakafukia, wakaondoka. Huota kweli, lakini huchelewa, na mara nyingi mzizi hupinda ukihangaika kutoka ndani ya ganda. Mche wa namna hiyo huanza maisha na kasoro isiyoonekana.

Chagua embe lililoiva vizuri kutoka mti wenye afya. Ukishalila, sugua nyuzinyuzi kwa brashi na maji, kisha anika kokwa kivulini siku moja au mbili ili isiteleze mkononi. Juani usithubutu. Kokwa ya embe haiwekwi ghalani kungoja masika. Kiini kikikauka kimekufa. Panda mapema, ndani ya wiki moja au mbili.

Kazi yenyewe iko kwenye kuvua ganda. Shika kokwa kwa kitambaa kizito, kata ukingo wake kidogo kidogo kwa mkasi wa kupogolea, kisha chomeka bisibisi kwenye mwanya na uizungushe taratibu mpaka ganda liachie. Usikate katikati, utajeruhi kiini. Ukikuta kimetobolewa na kuna unga mweusi, au kijidudu cheusi chenye mgongo mgumu, huyo ni fukusi wa kokwa. Embe lenyewe huonekana zima kabisa, kwa hiyo bila kufungua usingemjua. Choma kokwa hiyo.

Kiini kimebonyea upande mmoja. Upande huo utazame chini, maana mzizi hutokea hapo. Tumia mfuko mrefu wenye matundu, udongo wa juu uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza, na fukia sentimita 2 hadi 3 tu. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Mche huchomoza baada ya wiki 2 hadi 4. Majani machanga huwa mekundu na yamelegea, si ugonjwa. Yakitoka machipukizi mawili matatu, bakiza moja lenye nguvu.

Ila usitegemee kokwa ya aina kama Kent, Keitt au Tommy Atkins ikuzalie embe lile lile ulilokula. Shina likifikia unene wa penseli, bebesha juu yake kikonyo, yaani kijitawi, cha mti unaoujua kwa matunda yake. Mwembe uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka 3 hadi 4. Wa kokwa tupu utausubiri zaidi ya miaka 5.