Dawa ya Mzio Chini ya Ulimi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Mgonjwa wa Ufipa

Sumbawanga, mji wa Ufipa, iko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi. Masika huleta chavua za nyasi na mahindi. Kiangazi huleta vumbi na moshi wa nyika inayochomwa. Mtu aliyechoka kupiga chafya, akisikia kuna kidonge kinachowekwa chini ya ulimi na kuzoesha kinga ya mwili kile inachokikataa, hukimbilia kukiagiza. Asikimbilie. Asome kwanza.

FANYA

1. Pimwa. Kipimo cha ngozi au cha damu ndicho kitakachosema unadhuriwa na nini. Kidonge cha utitiri wa vumbi hakimfai anayeteswa na chavua, na moshi wa kuni hauna kidonge chake. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukiandikiwa rufaa ya Mbeya au Muhimbili, nenda.

2. Soma lebo. Vidonge vya nyasi vinavyojulikana zaidi hutokana na nyasi za nchi za baridi, hasa timothi, ileile ambayo daktari Leonard Noon alitumia chavua yake kuwadunga wagonjwa London mwaka 1911. Nyasi nyingi za Ufipa ni za tawi jingine la ukoo wa nyasi, na mahindi vilevile, kwa hiyo kidonge hicho huenda kisikufae.

3. Dozi ya kwanza itumie mbele ya daktari, penye adrenalini, kisha ubaki hapo nusu saa.

4. Acha kidonge kiyeyuke. Usimeze mate kwa dakika 1. Usile wala kunywa kwa dakika 5. Kisha nawa mikono.

5. Piga hesabu kabla ya kuanza. Dawa ni ya kila siku, kwa kawaida miaka 3 au zaidi, msimu wa mavuno na msimu wa ukata.

USIFANYE

1. Usianze huku pumu inakubana. Itulize kwanza, na usiache dawa yako ya kuvuta. Mjamzito naye asianze.

2. Usiweke kidonge mdomoni ukiwa na kidonda humo au ukiwa umeng'olewa jino. Subiri upone.

3. Usijitengenezee. Unga wa mganga, asali ya porini, karanga kidogokidogo: hakuna kati ya hivyo chenye kipimo kinachojulikana, na karanga yaweza kumuua mwenye mzio nayo.

4. Usinunue kwa mchuuzi wa stendi. Hii si dawa ya duka la dawa muhimu. Uliza kama imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

5. Usitishwe na muwasho wa mdomo wa wiki za kwanza. Lakini koo likivimba, pumzi ikikata au ukihisi kuzimia, nenda hospitali saa hiyohiyo, kwa gari au kwa bodaboda.

6. Usikitegemee kwa chafya ya leo. Hiyo ni kazi ya setirizini au dawa ya kupuliza puani. Kidonge hiki huchukua miezi.

Asiyeweza kulipia miaka 3 asinunue dozi ya mwezi mmoja. Atakuwa ametupa fedha. Anunue dawa ya puani, aanike matandiko juani, na ahamishe jiko la kuni kutoka chumba anacholala.