Chungu, Mwili na Jina: Ufinyanzi kama Nyenzo ya Uponyaji Kisii na Nyamira

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba ufinyanzi unaweza kuwapa wanawake waliokeketwa katika kaunti za Kisii na Nyamira njia ya kuuzungumzia mwili wao pale lugha inapowanyima njia hiyo. Hatuna budi kuanza na lugha yenyewe.

Katika Ekegusii, kama walivyoeleza Robert na Barbara LeVine waliotafiti huko katika miaka ya 1950, msichana asiyetahiriwa huitwa egesagane. Akishatahiriwa huwa omoiseke. Mwanafunzi wa mofolojia atatambua kwamba kiambishi ege- kinalingana na ki- ya Kiswahili, ilhali omo- ni m- ya ngeli ya watu. Yamkini mtu atasema kwamba hiyo ni ki- ya udogo tu, kama katika kitoto. Na kweli, mtoto mchanga huitwa ekengwerere. Hata hivyo, mvulana asiyetahiriwa ni omoisia: yeye tayari yumo katika ngeli ya watu. Msichana ndiye anayesubiri kisu ili ahame ngeli.

Kejeli ya aina hii ina uzito. Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya 2011, kifungu cha 25, humwadhibu anayemdhihaki mwanamke kwa kutokeketwa: kifungo kisichopungua miezi 6, au faini isiyopungua shilingi 50,000, au vyote viwili. Lakini marufuku hayamfikii aliyekwisha kukatwa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 84 ya wanawake wa Abagusii wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Katika ule wa 2008-09 walikuwa asilimia 96. Kiswahili nacho hakiwafai sana. Tohara, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya usafi, huficha jeraha. Ukeketaji hulitaja, ila humwacha mwanamke na jina la aliyeharibiwa.

Hapa ndipo chungu kinapofaa. Kina mdomo, shingo, tumbo na kitako, wala hakuna aonaye haya kuvitaja. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kufanya kazi yake Uingereza, ameutegemea sana ufanano huo. Hatumii gurudumu; huuinua udongo kwa mikono, huusugua ung'ae, kisha huuchoma. Vyungu vyake vingine husimama mithili ya wajawazito. Si haki kumtwika ujumbe wa ukeketaji, lakini kazi yake inathibitisha kwamba mwili wa mwanamke unaweza kutazamwa hadharani kwa heshima.

Kweli, Gusii inasifika kwa vinyago vya mawe vya Tabaka kuliko kwa vyungu. Ila mchongaji hukata, na kwa mwanamke huyu kukata kumetosha. Mfinyanzi huongeza, hulowesha, huziba ufa kwa kidole. Udongo uwahi uli maji. Aliyeamuliwa na wengine kuhusu mwili wake huamua mwenyewe upana wa mdomo wa chungu. Tena mikono ikiwa kazini, macho hayalazimiki kukutana, na maneno hutoka. Kikao hicho hakichukui nafasi ya daktari, hasa kwa mwenye maumivu au matatizo ya uzazi.

Wanafunzi wa Kiswahili watokao Gusii wana kazi hapo: kukusanya majina ya sehemu za chungu kwa Ekegusii, na kusikiliza ni yapi wanawake huyahamishia mwilini bila kusita.